Kitanda Kitupu cha Linnea

Mjukuu wangu Linnea alipotimiza wiki tatu, wanawake kumi na mmoja wa kanisani kwetu walikuja kumfunika blanketi. Sisemi kumletea, nasema kumfunika, maana ndivyo wanavyofanya. Katika mji wetu huu wa kaskazini mwa Minnesota, Walutheri hawaamini kwamba mtoto amezaliwa mpaka akina mama wa Jumatano, kikundi cha kushona cha kanisa, wamshonee blanketi la viraka, wamlaze, wamfunike kwa mikono yao wenyewe na kumpiga picha. Picha hiyo hutundikwa ukutani kwenye chumba cha chini cha kanisa, karibu na mashine ya kahawa. Zimejaa pale tangu mwaka 1951, watoto mia tatu na ushee, wote wamefunikwa mpaka kidevuni. Mimi nikinywa kahawa pale hugeuza kiti nikaupa ukuta ule kisogo.

Naitwa Verna Dahl. Nilikuwa nesi wa wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na mitano, na hakuna mama aliyetoka mlango ule na mtoto mikononi kabla hajanisikiliza. Mtoto alazwe chali, kila anapolala, mchana na usiku. Alale kitandani mwake peke yake, chumbani kwa wazazi wake, juu ya godoro gumu lililo bapa, na juu ya godoro shuka moja iliyobana. Basi. Mto hapana, blanketi hapana, dubu wa manyoya hapana. Wengine waliitikia huku wakitafuta viatu vyao chini ya kitanda. Niliwajua kwa sura wale ambao wangefika nyumbani wakafanya upumbavu, na sikuona haya kuwaambia.

Kiongozi wa akina mama wa Jumatano ni Arlys Tollefson. Kwa bahati yangu mbaya, Arlys ni mkwe mwenzangu. Mwanawe Curt, fundi wa matrekta, ndiye aliyemuoa binti yangu Maren. Arlys ni mwanamke mkubwa, laini, anayeuomba mlango radhi akiugonga kwa bega. Kitu chochote chenye jeli ya kijani na krimu juu yake anakiita saladi. Mtoto alipokuwa bado tumboni, yeye ndiye aliyeombwa apange chumba, na akakipanga kweli. Kitanda alikizungushia vijigodoro vya maua vilivyofungwa kwa utepe, akaweka mito minne, kondoo watatu, na mnyama mmoja mwenye pembe za kitambaa na kofia ya sufi. Mito minne! Mtoto ana kichwa kimoja.

Nilikuja na mfuko mweusi wa taka, nikavikusanya vyote, nikamwachia uwani kwake. Sikuacha hata barua.

Wakati huo suala halikuwa la mapambo tu. Maren anasafisha meno ya watu kwenye kliniki, na likizo yake ilikuwa wiki sita, hata siku moja zaidi hakuna. Baada ya hapo bibi mmoja angekaa na mtoto mchana kutwa. Maren alitwambia sote wawili mezani, bila kuzunguka.

"Atakayekaa na Linnea ni yule nitakayemwamini mtoto akiwa amelala. Akiwa macho, hata Curt anamuweza."

"Ahsante sana," Curt akasema.

Nilimtazama Arlys akijimiminia maziwa kwenye kahawa yake, nikaona kesi imekwisha kabla haijaanza.

Basi siku ile ya blanketi walifika wote kumi na mmoja, wakavua mabuti mlangoni, wakajaa chumbani na soksi zao za sufi. Blanketi lilikuwa la buluu na njano, limejaa pamba, zito la kutosha kumlaza ng'ombe. Linnea alikuwa amelala kitandani mwake, chali, mikono juu, amevaa lile vazi lake la kulalia lenye mfuko wa miguu. Chumba kilikuwa na joto zuri, shingo yake nilikuwa nimeigusa mwenyewe. Hakuwa na haja ya kitu chochote duniani.

"Maskini, kitanda kitupu hivi," mmoja akanong'ona. "Kama cha jela."

"Hajafunikwa hata kidogo, na nje ni baridi ya kuvunja vioo."

Arlys akalikunjua blanketi. Wakalishika pembe, kila mmoja na mahali pake, wakaanza kuliteremsha. Nikanyoosha mkono, nikalishika katikati, nikalivuta. Kona moja ilimponyoka mama mchungaji, akapiga ukelele mdogo.

"Wee Verna!"

"Wee Verna nini? Mnataka kumfunika mtoto wa wiki tatu na kitu kama hiki? Akilivuta usoni, atalitoa kwa mikono ipi?"

"Ni la picha tu, mwenzangu," Arlys akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Dakika moja, tunaliondoa."

"Dakika moja. Na ukutani pale kanisani mmetundika dakika moja mia tatu, ili kila msichana mjamzito anayekuja kunywa kahawa aone mtoto anavyopaswa kulala. Jamani, nyinyi hamshoni mablanketi, mnashona hatari, halafu mnaila na keki."

Maren alikuwa amesimama mlangoni, ameshika jagi la kahawa, na hakunitetea wala hakunikanya.

"Sisi zamani tulikuwa tunawalaza kifudifudi," Arlys akasema polepole, "na tunawafunika. Tuliambiwa ndivyo inavyotakiwa."

"Zamani watu walikuwa wanavuta sigara hospitalini, Arlys. Zamani si hoja."

Akanitazama kitambo kirefu. Nilidhani anatafuta jibu na hajalipata. Akalikunja blanketi mara nne, akaliweka kifuani, akawauliza wenzake kama kuna anayetaka keki ya tufaha. Walikula wamesimama, wakavaa mabuti yao wakaondoka, na picha haikupigwa.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilikwenda nyumbani kwangu, mitaa mitatu tu kutoka pale, nikala chakula cha jioni na hamu ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu.

Kesho yake Arlys akaja kwangu. Alisimama kibarazani na kofia yake mbaya ya masikio, hakutaka kuingia.

"Verna, nifundishe," akasema. "Sitaki kumdhuru mtoto. Niambie yote, nitaandika."

Kweli alikuwa na daftari. Ningekuwa mtu mwema ningemkaribisha kahawa. Mimi nilimwambia asimame palepale, nikamsomea kama ninavyomsomea mtoto wa shule, na kila alipoandika nilimwuliza nirudie au ameelewa. Niliandika pia karatasi kubwa kwa kalamu nyekundu, nikaibandika kwenye friji ya Maren. Vipengele vinane. Cha tano nilikipigia mstari mara mbili: mtoto halali kwenye kochi wala kwenye kiti cha kuegemea, hata kifuani kwa mtu, HATA DAKIKA MOJA. Hicho nilikiweka kwa ajili ya Curt. Nilimkuta Jumapili moja anatazama mpira, kiti kimelala nyuma, mtoto kifuani, macho ameyafumba nusu. Nilizima televisheni timu yake ikiwa inakaribia kufunga.

"Mama, sijalala!" akasema.

"Wote husema hivyo. Waliolala na wasiolala husema hivyohivyo. Kwenye kiti kama hiki mtoto huteleza pembeni, uso unaingia kwenye mto au kwenye nguo yako, na wewe unaendelea kukoroma. Sijui niseme kwa lugha gani."

"Sawa, sawa. Nimekuelewa."

"Mlaze kitandani mwake, halafu ukoromee unapotaka."

Likizo ya Maren ilipokwisha nikajua nitaitwa mimi. Akatuita wawili.

"Mama utakuwa naye Jumatatu hadi Jumatano. Mama Arlys, Alhamisi na Ijumaa."

"Arlys?" nikasema. "Huyu wa mito minne?"

"Mama, amesoma daftari lake mpaka limechakaa. Alikuja hapa akaniomba nimjaribu. Nilimpa mdoli, nikaweka blanketi kitandani kwa makusudi, na dubu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvitoa."

"Mtu yeyote anaweza kufaulu mtihani wa mdoli."

"Basi mtazame akifeli," Maren akasema, akaenda zake kazini.

Niliona ni tusi. Miaka thelathini na mitano, halafu nigawane wiki na mwanamke wa jeli ya kijani! Alhamisi na Ijumaa nilikuwa napita na gari mbele ya nyumba ya Maren bila sababu. Mara mbili niliingia kwa kisingizio cha kusahau glavu, nikaenda moja kwa moja chumbani. Mara zote mbili mtoto alikuwa chali, kitanda kitupu, Arlys amekaa kwenye kiti cha mbao karibu yake anashona. Nikamwambia mkasi wake uko karibu mno na mtoto. Akausogeza na kuniomba radhi.

Halafu ikaja Jumatano ya wiki ya tatu tangu Maren arudi kazini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ilianguka theluji ya magotini. Jirani yangu ana mashine ya kuisukuma na hunipigia simu kila mwaka, na mimi kila mwaka humwambia sina ugonjwa wa mikono. Niliamka saa kumi alfajiri nikachukua sepetu, nikafungua njia ya gari langu peke yangu. Saa moja kasoro nilikuwa kwa Maren, mgongo unawaka, nakunywa kahawa ya pili. Linnea alikuwa na gesi tumboni. Alilia tangu saa nne asubuhi. Nilimtembeza, nikamwimbia, nikamkanda tumbo, nikambadilisha nepi isiyokuwa na kitu. Kila nikimlaza analia mpaka anakuwa mwekundu. Kitu kimoja tu kilimnyamazisha, kifua changu, na sikio lake likiwa juu ya moyo.

Saa saba na nusu nilikuwa nimezunguka sebule ile mara mia. Kiti cha Curt kilikuwa palepale. Nikajiambia nakaa tu, silali. Nakaa dakika mbili mgongo upumzike, mtoto akishazama vizuri nampeleka kitandani. Mimi si Curt. Mimi najua ninachokifanya. Nakumbuka nilikisukuma kiti nyuma kidogo, na nakumbuka nilisoma ile karatasi yangu ya wino mwekundu kwenye friji kutoka pale nilipokaa. Miwani nilikuwa nimevaa. Kipengele cha tano kilisomeka vizuri kabisa.

Niliamshwa na baridi kifuani. Baridi ya mahali palipokuwa na kitu chenye joto na sasa hakipo.

Niliangalia mikono yangu, mitupu. Niliangalia pembeni ya kiti, kati ya mkono wa kiti na kiuno changu, kule ndani kunakoingia rimoti na sarafu, nikapenyeza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nimewahi kuingia kwenye vyumba viwili katika maisha yangu ambamo mama alikuwa anatafuta hivyo, na wote wawili niliwahukumu hata kabla sijawafikia. Sikuweza kupiga kelele. Niliinuka, nikaenda chumbani nimeshikilia ukuta.

Arlys alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mtoto, mabuti yake miguuni, theluji inayeyuka kwenye zulia. Nyundo ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Linnea alikuwa chali, mikono juu, kitanda kitupu, tumbo linapanda na kushuka. Nilisimama nikalitazama tumbo lile. Nililihesabu likipanda mpaka thelathini, na bado sikuamini, nikaanza tena.

"Yuko salama," Arlys akasema. "Nimemtazama tangu nimlaze. Rangi yake nzuri."

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameteleza pembeni. Uso wake ulikuwa kwenye sweta lako, upande wa kwapa. Alikuwa anahangaika, anatoa sauti kama paka. Sauti ndogo, Verna. Nilipita mlango wa nyuma, ndio maana nikaisikia."

"Kwa nini umekuja? Leo si siku yako."

Nisamehewe, lakini hilo ndilo nililosema. Mtu amemtoa mjukuu wangu kwapani mwangu akiwa hai, na mimi namwuliza ratiba.

"Maren aliniomba nitundike blanketi ukutani, Linnea apigwe picha kitanda kikiwa kitupu na blanketi likiwa nyuma yake. Kwa ajili ya ule ukuta wa kanisani." Akaonyesha mfuko wake sakafuni. "Tumekubaliana na akina mama. Watoto wote wanaokuja watapigwa hivyo."

Nikakaa kwenye kiti chake cha mbao. Yeye hakukaa. Nilingoja anicheke. Mimi ningemcheka. Kama ningemkuta yeye kwenye kile kiti, mji mzima ungejua kabla chakula cha jioni hakijapoa, na kanisani ningelisema karibu na mashine ya kahawa, kwa sauti. Nilitaka afanye hivyo, tuwe sawa.

"Sema," nikamwambia. "Sema unalotaka kusema."

Arlys akavuta pumzi. "Unakumbuka Curt alivyozaliwa? Mwaka themanini na sita."

"Nimezalisha watu elfu ngapi, Arlys."

"Mimi nakukumbuka. Ulikuwa msichana, una saa kubwa kifuani. Nilikuwa nimemlaza Curt chali, ukaja ukamgeuza. Ukaniambia, mama, kifudifudi, ukimlaza chali atapaliwa na matapishi, unataka kumuua? Mbele ya mama mkwe wangu. Nililia usiku kucha. Tangu siku ile nikawalaza wanangu wote wanne kifudifudi, na nikamfunika kila mmoja vizuri, kwa sababu wewe ulisema."

Nilikumbuka ile saa. Yule msichana niliyekuwa sikumkumbuka, wala huyo mama aliyelia usiku kucha. Lakini maneno yalikuwa yangu, nilikuwa nayasema kila siku miaka ile, wote tuliyasema, ndivyo tulivyofundishwa. Na yalipobadilishwa niliyameza nikaanza kusema haya mapya kwa sauti ileile, kana kwamba nilizaliwa nayo.

"Siku ile ya blanketi ulikuwa unataka kusema hili," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu safari hii ulikuwa unasema kweli," Arlys akajibu. "Na mtoto alikuwa pale."

Linnea akakunja uso usingizini, akaukunjua. Wote wawili tuliinama kumtazama, vichwa vyetu vikagongana, na yule mwanamke akaniomba radhi.

"Utamwambia Maren?" nikauliza.

"Hapana."

Nilifarijika, sitaficha. Nilishaanza kupanga jinsi nitakavyomshukuru bila kusema asante.

"Utamwambia wewe," Arlys akasema. "Leo. Mimi nakaa hapa na mtoto."

Alikaa. Akatoa daftari lake lililochakaa mfukoni, akaliweka magotini, hakulifungua. Nikaenda jikoni. Karatasi yangu ilikuwa kwenye friji na mstari wake wa kupigiwa mara mbili. Sikuichana, ingawa mkono uliniwasha. Nikapiga simu kliniki, wakaniambia yuko na mgonjwa, nikasema nangoja. Nilisikia kwa mbali ile mashine ya meno ikilia, halafu ikanyamaza.

"Mama? Kuna nini?"

"Mtoto mzima," nikasema. "Amelala chali kitandani mwake, mzima kabisa. Maren, nilikaa naye kwenye kiti cha Curt. Nikalala. Akateleza, uso ukaingia kwenye sweta langu. Sijui kwa muda gani. Nilikuwa nimelala."

Nilidhani atalia, au atapiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili, maana niliwahi kuwapokea akina mama wa kila aina. Hakufanya hata kimoja. Nilimsikia akivuta kiti.

"Nani alimtoa?"

"Arlys."

"Bado yuko hapo?"

"Yuko chumbani. Anamtazama. Maren, mwanangu, nilikuwa nimeamka saa kumi, ile theluji, na yeye alikuwa analia tangu..."

"Mama," akasema, taratibu, kwa sauti yangu mimi, ile niliyokuwa nikiwasemea wanawake wakitafuta viatu vyao chini ya kitanda. "Mpe Mama Arlys simu."

Nikampelekea.